Prosija Zisisubiri Mwisho wa Muhula

Walimu wa kompyuta tuna kauli ambayo tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena: mwanafunzi anayeanza kuandika programu asisumbuliwe na prosija na fankisheni, yaani vipande vya msimbo vinavyopewa jina na kuitwa popote vinapohitajika. Apange kwanza vitufe vyake kwenye fomu, aandike msimbo wote chini ya kitufe kimoja, abofye, aone jibu, afurahi. Prosija na fankisheni ni mambo ya wataalamu, zitakuja muhula ukielekea mwisho, muda ukiruhusu. Na muda, kama kila mwalimu ajuavyo, hauruhusu.

Nimeisikia kauli hiyo kwenye semina, kwenye vyumba vya walimu, na kwa vijana wanaofundishana wenyewe kwa wenyewe. Wanaoitoa ni watu wema wanaowahurumia wanafunzi wao. Lakini ni kauli potofu, na mtu inayemuumiza kuliko wote ni mwanafunzi wa mahali kama Makere, kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, jirani na kambi ya Nyarugusu, ambako kompyuta ni chache na kila saa ya umeme ina thamani. Watu hudhani mwanafunzi wa huko ndiye wa kurahisishiwa kwa kunyimwa fankisheni. Mimi nasema ndiye wa kupewa mapema kuliko wengine.

Nianze na programu yenyewe, maana malumbano ya namna hii yakibaki hewani hayana faida. Ukifundisha Visual Basic Tanzania, iwe kwenye Sayansi ya Kompyuta ya kidato cha tano na sita au kwenye kozi ya cheti, mradi ambao wanafunzi huupenda kuliko yote ni programu ya matokeo. Fomu ina jina la mwanafunzi, visanduku vya alama za masomo, na vitufe kama vitatu: kimoja cha kutafuta daraja, kingine cha kuandaa ripoti ya mzazi, cha tatu cha kupanga orodha ya darasa. Ni mradi mzuri kwa sababu kila mtoto anaujua uchungu wake. Amewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo akitafuta jina lake.

Kijana mmoja wa Makere, aliyejifunza kwa bidii kubwa na mwalimu mmoja tu, alinionyesha yake. Ilikuwa inafanya kazi. Chini ya kila kitufe kulikuwa na msururu wa masharti: kama alama ni 75 na kuendelea andika A, kama ni 65 andika B, na kuteremka hivyo hadi F. Msururu huo aliuandika mara moja kwa kila somo, akaukopi na kuupesti kwa masomo saba, kisha akauhamishia wote kwenye kitufe cha pili na cha tatu. Tukasogeza kurasa chini, chini zaidi, na bado tulikuwa ndani ya kitufe kilekile. Nikamwomba aingize alama 45 kwenye Jiografia. Orodha ya darasa ikaandika C. Ripoti ya mzazi ikaandika D.

Kosa lenyewe lilikuwa alama moja ndogo. Mahali pamoja aliandika "kubwa kuliko au sawa na 45", mahali pengine "kubwa kuliko 45". Kati ya nakala zaidi ya ishirini za sharti lilelile, mbili zilikuwa zimekosewa. Hakuna mwalimu ambaye angeziona kwa kupitisha macho, na ripoti hiyo ingekwenda kwa mzazi kijijini ikimwambia kuwa mwanawe amepata D.

Wenzangu watasema tatizo hapo ni uzembe, kijana aongeze umakini. Sikubali. Kijana yule alikuwa makini kuliko wengi. Alichonyimwa ni njia ya kuandika sharti mara moja tu. Angefundishwa kuandika fankisheni moja, tuiite Daraja, inayopokea alama na kurudisha herufi, sharti la 45 lingekuwa mahali pamoja katika programu nzima. Likiwa sahihi ni sahihi kote, na likikosewa linakosewa kote, kwa hiyo linaonekana siku ya kwanza. Makosa yanayofanana kila mahali hayajifichi. Yanayojificha ni yale ya nakala moja kati ya ishirini.

Hapo hunijia jibu la pili: programu za wanaoanza ni ndogo, haya yote yana umuhimu kwenye programu kubwa za benki na serikali. Basi tutazame historia ya hiyo programu ndogo ya matokeo katika nchi yetu. Mwaka 2013 serikali ilitangaza viwango vipya vya ufaulu wa sekondari vyenye madaraja saba, B+ na E zikiwemo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yakatoka kwa mtindo wa wastani wa pointi, ile GPA iliyozua mjadala mkubwa. Mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudi. Leo A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. A ni pointi moja, F ni pointi tano, zinajumlishwa pointi za masomo saba bora, na anayepata kati ya 7 na 17 yuko divisheni ya kwanza. Katika muda usiotosha mtoto mmoja kumaliza sekondari, kanuni zilibadilika na kubadilika tena. Mwenye programu yenye fankisheni ya Daraja na nyingine ya Divisheni angekaa kitako jioni moja, abadilishe mistari michache, amalize. Mwenye vitufe vilivyojaa nakala angelazimika kuzisaka zote, moja baada ya nyingine, na angesahau baadhi.

Ukubwa wa programu kwa hiyo haunisumbui. Nauliza kama kanuni iliyomo ndani yake inaweza kubadilika, na kanuni za maisha yetu hubadilika: viwango vya mitihani, bei ya kilo ya maharage, makato ya ushirika, ada. Mwanafunzi wa Kasulu anayeandika programu ya mnunuzi wa maharage atakutana na jambo hilohilo kabla hajafika mbali, pale atakapotakiwa kugeuza madebe kuwa kilo kwenye kitufe cha kununua, kisha tena kwenye cha kuuza, kisha tena kwenye cha ripoti ya mwezi.

Sasa nije kwenye hoja ambayo ndiyo mzizi wa kauli nzima, kwamba fankisheni ni ngumu kwa anayeanza. Mwalimu mmoja aliniambia kuwa mtoto hatambai na kukimbia siku moja. Ni msemo mtamu, ila haulingani na kinachotokea kwenye skrini. Mwanafunzi anapobofya mara mbili kitufe chake cha kwanza kabisa, siku ya kwanza, Visual Basic yenyewe humwandikia mistari miwili: Private Sub Command1_Click() na, chini yake, End Sub. Yote anayoyaandika anayaandika katikati ya mistari hiyo. Hiyo ni prosija. Ameshaingia ndani yake kabla hajajua jina lake, na mwalimu anamwambia asiijali mistari hiyo miwili, aandike tu katikati.

Si hivyo tu. Ili kusoma alama kwenye kisanduku cha maandishi, mwanafunzi hufundishwa kuandika Val na kuweka maandishi ndani ya mabano. Val ni fankisheni. Inapokea maandishi, inarudisha namba. Akitaka kuhesabu herufi za jina anatumia Len, akitaka kuliweka kwa herufi kubwa anatumia UCase. Kufikia wiki ya pili mtoto ameshatumia fankisheni nyingi na hajaogopa hata moja. Kumwambia kuwa fankisheni ni za wataalamu ni kumwambia jambo lisilo kweli kuhusu kazi ya mikono yake mwenyewe. Kilichobaki ni hatua moja, kumwambia kuwa kama Microsoft walivyoandika Val, naye anaweza kuandika Daraja.

Kutomwambia kuna gharama. Mwanafunzi asiyejua kuwa anaweza kuunda prosija yake mwenyewe hubuni njia za panya. Nimeona wanafunzi wanaotaka kazi ya kitufe cha kwanza ifanyike pia kwenye kitufe cha pili wakaamua kukiita kitufe cha kwanza kwa jina, kana kwamba kuna mtu amekibofya. Inakubali. Kisha mmoja wao anaongeza ujumbe kwenye kitufe cha kwanza, na ujumbe huo unaanza kuibuka mtumiaji anapobofya cha pili, na hajui kwa nini. Mtoto huyo tayari ameigundua haja ya prosija kwa akili yake. Amekosa mtu wa kumwonyesha kwamba kazi ile inatolewa ndani ya kitufe, inapewa jina lake, na vitufe vyote viwili vinaiita.

Historia nayo haiko upande wa wanaochelewesha. Prosija hazikuzaliwa kwenye maabara zenye mashine za kumwaga. Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyoanza kazi Mei 1949, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno mia chache tu, ndogo kuliko ya simu ya tochi iliyo mfukoni mwa mkulima wa leo. Ni kwenye ufinyu huo ndipo David Wheeler alipobuni namna ya programu kuruka kwenda kwenye kipande cha msimbo na kurudi pale ilipotoka, na mwaka 1951 yeye, Maurice Wilkes na Stanley Gill wakachapa kitabu kilichoeleza maktaba yao ya vipande hivyo, vilivyohifadhiwa kwenye kanda za karatasi zenye matundu. Walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kupoteza wala muda wa mashine wa kuchezea. Wilkes alisimulia baadaye siku alipotambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingetumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe.

Na kama bado kuna anayedhani watoto hawawezi, akumbuke Logo. Lugha hiyo ilianza 1967 kwa kazi ya Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, kwa ajili ya watoto wa shule. Mtoto wa Logo huamuru kasa atembee na kugeuka kwenye skrini, na mapema kabisa anamfundisha kasa neno jipya: namna ya kuchora mraba. Tangu hapo mraba ni amri kama amri nyingine, na nyumba huchorwa kwa mraba na pembetatu. Hiyo ni prosija, kwa mtoto wa shule ya msingi. Sisi tunaichelewesha kwa kijana wa kidato cha sita.

Sasa Makere yenyewe. Hoja ninayoisikia zaidi huko ni ya vifaa: kompyuta zenyewe hazitoshi, umeme unakatika, utawezaje kuongeza mada ngumu? Ni kweli kuwa hali imebadilika tangu Kasulu na Kibondo ziache kutegemea majenereta ya dizeli na kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Lakini bado wanafunzi wengi huizunguka mashine moja, mmoja ameshika kibodi, wengine wanatazama mgongo wake. Na huo mtindo wa kumwaga kila kitu chini ya kitufe kimoja ndio unaowaacha hao wengine bila kazi. Msururu wa mistari mia moja na ushee hauwezi kuandikwa na watu wanne kwa wakati mmoja. Anauandika mmoja, na mara nyingi ni yuleyule kila kipindi, yule mwenye simujanja au aliyewahi kushika kompyuta kwao.

Fankisheni hugawanyika. Mmoja anapewa Daraja, mwingine Pointi, wa tatu Wastani, wa nne Divisheni. Kila mmoja anaandika yake kwenye daftari, kwa kalamu, na kuijaribu na jirani yake kabla mashine haijawashwa. Nimeliona jambo hili likifanyika, na ningetamani wanaobisha wangekaa kwenye benchi lile. Msichana ameshika daftari lenye Daraja. Mwenzake anamrushia namba.

"74?"

"B."

"75?"

"A."

"44?"

"D."

"Mia na tano?"

Akanyamaza. Akaitazama fankisheni yake, ikawa inarudisha A. Akachukua kalamu na kuanza kuandika sharti jipya juu kabisa. Kisha aliyekaa pembeni, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akauliza: "Mwalimu, na yule ambaye hakufanya mtihani?" Swali hilo lina uzito kuliko anavyodhani asiyelijua somo hili. Kisanduku kikiachwa wazi, Val hurudisha sifuri, na programu inampa F mtoto aliyekuwa amelazwa hospitali. Aliyekosa mtihani na aliyepata sifuri ni watoto wawili tofauti, na matokeo ya Baraza la Mitihani yenyewe huwatenga kwa kuandika ABS. Wanafunzi wale waliligundua hilo bila kuwasha kompyuta, kwa sababu walikuwa na kitu kidogo kinachotosha kichwani: namba moja inaingia, herufi moja inatoka. Huwezi kukishika kichwani kitufe chenye mistari mia. Unaweza tu kukibofya na kuomba Mungu.

Kwa hiyo kompyuta zikiwa chache, hoja ya vifaa inanipa nguvu mimi. Shule yenye mashine kwa kila mtoto inaweza kumudu ufundishaji wa kubofya na kubahatisha, maana mtoto atabofya mara mia. Yule anayepata dakika kumi za kibodi kwa wiki anahitaji kufika akiwa na kazi iliyokwisha kufikiriwa na kupimwa, aichape, aondoke.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wa taaluma wataielewa haraka. Shule nyingi matokeo yao ya ndani yanaandaliwa kwa Excel, na mwalimu wa taaluma ndiye anayekesha nayo. Fankisheni ya Daraja aliyoiandika mwanafunzi kwa ajili ya fomu inaweza kuwekwa kwenye moduli ya Excel, kisha ikaitwa ndani ya seli kama inavyoitwa SUM: unaandika =Daraja(B2) na kuiburuta hadi mwisho wa safu. Msimbo uliofungwa ndani ya Command1_Click hauhamiki hivyo, umeshonwa kwenye majina ya visanduku vya fomu ile na utakufa na fomu ile. Kijana anayeweza kumpa mwalimu wake fankisheni inayofanya kazi ofisini ameshaonja ualimu na uhandisi kwa pamoja.

Wanaonipinga wana jambo moja la haki, nami sitalikwepa. Parameta, yaani vile vitu ambavyo fankisheni hupokea, zina mitego. Katika Visual Basic 6, usipotamka vinginevyo, fankisheni hupokea kibadilika chenyewe wala si nakala yake, hivyo ikikigusa ndani, kinabadilika hata kule kilikotoka. Mwanafunzi anajumlisha bonasi ndani ya fankisheni na kukuta alama ya asili imeharibika. Toleo la .NET la mwaka 2002 liligeuza mazoea hayo. Mtego huo ni halisi, ila dawa yake ni neno moja, ByVal, linaloandikwa mbele ya kila parameta kuanzia siku ya kwanza, na maelezo yake kamili yakaja baadaye. Vilevile sidai mtoto afundishwe fankisheni inayojiita yenyewe, wala madarasa ya vitu na urithi wake. Hayo yasubiri. Tusichanganye kilele cha mlima na njia ya kuuendea.

Wengine hujitetea kwa mtihani. Maswali, wanasema, huuliza tofauti kati ya prosija na fankisheni, na wanafunzi wetu wanaijibu vizuri: fankisheni hurudisha thamani, prosija hairudishi. Ndiyo, wanaijibu. Nimekutana na vijana wanaoitamka sentensi hiyo kwa ufasaha bila kuwa wameandika hata fankisheni moja maishani mwao. Mada iliyosukumwa hadi wiki ya mwisho haipati muda wa kufanyiwa kazi, inapata muda wa kunakiliwa ubaoni tu, na kinachonakiliwa kutoka ubaoni ni fasili. Kuchelewesha ndiko kulikozaa kukariri, halafu kukariri kunatumiwa kama ushahidi kwamba mada ni ngumu.

Hili linaweza kurekebishwa sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa mitaala mipya ilianza kutekelezwa Januari 2024 na kazi ya kuandika vitabu na maazimio ya kazi inaendelea. Mwalimu wa Makere hahitaji kusubiri barua kutoka Dodoma ili abadilishe mpangilio wa wiki zake. Fomu na vitufe zichukue wiki ya kwanza, na mistari ya Private Sub isomwe kwa sauti na kuelezwa siku hiyohiyo. Wiki ya pili mwanafunzi atoe kazi ndani ya kitufe na kuipa jina lake, kwa Kiswahili akipenda, maana kompyuta haijali kama prosija inaitwa FutaFomu au jina la kigeni. Wiki ya tatu aandike fankisheni yenye parameta moja. Na mradi wa matokeo unaposahihishwa, mwalimu asiishie kubofya na kuangalia kama herufi inatokea. Afungue msimbo, atafute 45, na ahesabu imeandikwa mara ngapi. Ikionekana zaidi ya mara moja, alama zipungue, hata kama majibu yote ni sahihi.